Sindano, Mvinyo na Nyumba ya Magurudumu

Gari-nyumba ni gari ambalo ndani yake mna kitanda, jiko, friji, choo na matangi ya maji. Wamarekani wamelipenda kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1910 kampuni ya Pierce-Arrow ilionyesha New York gari ambalo kiti chake cha nyuma kilikunjuka kuwa kitanda. Mwaka 1919 wasafiri waliozoea kulala barabarani waliunda huko Florida chama cha Tin Can Tourists, yaani Watalii wa Makopo. Kuanzia 1966 Winnebago ya Forest City, Iowa, ikayatengeneza magari haya kwa wingi, na watu wa kipato cha kati nao wakaanza kuyanunua.

Wako wanaolitumia kuvuka bara zima. Wako pia wale wasio na haraka: marafiki watatu au wanne, mara nyingi wanawake, wanaobeba sindano na vitambaa na kwenda kushinda na kulala kwenye shamba la mizabibu. Safari yao haipimwi kwa kilomita. Saa mbili za kuendesha asubuhi zinawatosha, kwani gari la mita kumi au zaidi huyumba kwa upepo, hukata kona kwa taabu, na kila sahani iliyosahaulika mezani hujulikana ilipo kwenye mteremko wa kwanza.

Desturi ya kulala shambani ilipata utaratibu Ufaransa. Mpango wa France Passion ulianza 1993: wakulima wa zabibu walikubali magari-nyumba yaegeshwe kwao usiku mmoja bila malipo. Marekani ikaiga mwaka 2009 kwa mpango wa Harvest Hosts, ambao wanachama wake hulipa ada ya mwaka. Gari lazima liwe na choo na matangi yake lenyewe, mgeni hukaa kwa saa 24, na uungwana unamtaka anunue chochote kwa mwenyeji. Hakuna anayemshurutisha, lakini anayeondoka mikono mitupu hujisikia kama aliyekula harusini bila kutoa zawadi.

Lodi, katika California, ni mahali panapofaa sana kwa siku ya namna hii. Ardhi yake ni tambarare, na upepo wa delta ya mito Sacramento na San Joaquin hupoza joto la mchana. Zabibu yake maarufu ni Zinfandel, ingawa shamba la Bechthold lina mizabibu ya Cinsault iliyopandwa 1886. Pombe ilipopigwa marufuku Marekani, kati ya 1920 na 1933, Lodi haikufa njaa: zabibu zilipakiwa kwenye treni na kupelekwa kwa watu waliojitengenezea mvinyo nyumbani.

Kazi ya kwanza baada ya kufika ni kulisawazisha gari. Vipande vya mbao huwekwa chini ya magurudumu na kabari huzuia gari lisibiringike. Likiinama, mlango wa kabati hufunguka wenyewe na maji ya sinki hayatoki. Kisha turubai la ubavuni hukunjuliwa, viti hutolewa, na chini ya kivuli hicho ushonaji huanza, maana mwanga wa jua haupunguzi betri. Mashamba mengi hayatoi umeme, ndiyo sababu cherehani hubaki nyumbani.

Kazi inayobebeka zaidi ni ya kudarizi mishono ya msalaba. Hutumika kitambaa cha Aida, ambacho kimefumwa kwa vijitundu vilivyopangana sawasawa, kwa kawaida miraba 14 kwa inchi moja. Uzi wa pamba, mfano wa DMC, kampuni iliyoanzishwa Mulhouse, katika Ufaransa ya leo, mwaka 1746, una nyuzi sita zilizosokotana. Mshonaji huchambua mbili na kuzitunga sindanoni. Picha ya inchi saba kwa saba, ikijazwa yote, hudai misalaba 9,604. Aliyekulia kwenye sebule yenye vitambaa vya kochi vilivyodariziwa kwa mkono anaijua subira hiyo.

Wengine hushona mfarishi, lile blanketi la vipande vilivyounganishwa. Vitambaa hukunjwa juu ya karatasi za pembe sita, kisha huungwa ukingo kwa ukingo. Kipande kimoja hutoshea kiganjani, na mfarishi mzima unaweza kuchukua safari za miaka kadhaa.

Mvinyo una nafasi yake, nayo ni baada ya ufunguo wa gari kuwekwa kwenye droo. California humhesabu dereva kuwa na kosa kiwango cha pombe kikifika asilimia 0.08 katika damu. Sheria yake inawaruhusu abiria wa sehemu ya makazi ya gari-nyumba kuwa na chupa iliyofunguliwa, lakini dereva hahusiki na msamaha huo. Zinfandel ya Lodi mara nyingi hufikia asilimia 15 ya kileo, mara tatu ya bia ya kawaida, kwa hiyo vionjo hutolewa vidogo na jibini na mkate huwa karibu. Tone moja jekundu juu ya kitambaa cheupe ni kazi ya wiki iliyoharibika. Wazoefu huweka glasi chini, upande usio wa mkono unaoshona.

Glasi ya pili huanza kuonekana kwenye hesabu za mishono. Msalaba mmoja ukihama mraba, ua zima hupinda, na asubuhi hufuata kufumua. Washonaji wa Marekani huita ufumuaji huo kazi ya chura, kwa sababu mlio wa chura, masikioni mwa msemaji wa Kiingereza, husikika kama amri ya kufumua.

Kesho yake chupa zilizonunuliwa huzungushiwa taulo na kulazwa chini ya kitanda, mbali na jua. Sindano huhesabiwa, kwani iliyodondoka kwenye zulia hupatikana kwa unyayo. Majitaka hayamwagwi shambani kamwe. Gari hupitia kwanza kwenye kituo cha kuyamwagia, mpira wa kuyatolea huunganishwa, na yule aliyeshinda mchezo wa kete jana usiku husamehewa kazi hiyo, akabaki kitini akimalizia uzi wake.