Swichi ya kiwandani isipojibu, usikimbilie kununua nyingine

KIWANDA kidogo cha kusindika maziwa huweza kuwa na tangi la kupoozea upande mmoja, pampu upande wa pili na kompyuta ya msimamizi ofisini. Vyote huunganishwa na swichi ya mtandao, kifaa kinachopitisha taarifa, ikiwamo ya joto la maziwa ambayo hutakiwa kubaki kwenye nyuzi joto 4.

Swichi za viwandani hutengenezwa ili zivumilie joto, vumbi na mtikisiko. Nyingi kati ya zile za bei ya juu hukaguliwa kutoka mbali kwa utaratibu wa mawasiliano uitwao SNMP. Kwa njia hiyo msimamizi hujua waya upi umekatika kabla maziwa ya wafugaji hayajaharibika.

Tatizo huanza pale swichi inapokataa kujibu maswali ya kompyuta. Ni rahisi kudhani imekufa na kutoa fedha za kununua nyingine, kumbe kasoro iko kwenye mipangilio.

Kwanza, iangaliwe aina ya swichi. Zipo zisizo na uwezo wa kusimamiwa kutoka mbali, na hizo hakuna fundi atakayezifanya zijibu.

Kama uwezo huo upo, fundi aipime kwa amri ya ping. Isipojibu, akague umeme, anwani ya IP na waya. Waya wa shaba wa mtandao haupaswi kuzidi meta 100 kutoka kifaa kimoja hadi kingine.

Ikijibu ping lakini SNMP ikawa kimya, kwa kawaida waya hauna kosa. Hapo yakaguliwe mambo manne:

Je, SNMP imewashwa? Baadhi ya swichi huuzwa ikiwa imezimwa.

Je, toleo ni moja? Kompyuta inayouliza kwa toleo la 2 haitajibiwa na swichi iliyopangwa kupokea toleo la 3 pekee.

Je, neno la siri ni sahihi? Katika toleo la 1 na la 2, likikosewa hata herufi moja, swichi kwa kawaida hunyamaza tu bila kueleza kosa.

Je, njia iko wazi? Maswali hupitia mlango wa UDP namba 161 na tahadhari hupitia namba 162. Programu za ulinzi huweza kuifunga.

Aidha, umeme ukikatika hutokea swichi ikarudia mipangilio ya zamani, kwa sababu fundi alibadilisha lakini hakuhifadhi. Swichi iliyofanya kazi jana na leo ikanyamaza baada ya umeme kurudi, ianzie kuchunguzwa hapo.

Suala la usalama nalo lisipuuzwe. Swichi nyingi zimekuwa zikitoka kiwandani na neno la siri “public”, linalojulikana dunia nzima. Matoleo mawili ya mwanzo hupitisha neno hilo wazi mtandaoni. Toleo la 3, lililopitishwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2002, lina uwezo wa kuficha mawasiliano, mradi fundi aiwashe huduma hiyo.

Kwa anayetaka kununua, ni vyema amtake muuzaji aandike kwenye ankara matoleo ya SNMP yanayokubaliwa na swichi hiyo. Baada ya kufungwa, fundi asilipwe kabla ya kuizima, kuiwasha tena na kuonyesha kuwa bado inajibu.