Macho ya Likasi Msimu wa Noeli: Maji Kwanza, Safari Baadaye

Disemba ikiingia, familia nyingi za Likasi huanza kutengeneza nyumba. Katika mitaa ya Kikula, Panda na Shituru, kuta hupakwa chokaa, fundi huitwa kuchomelea geti, sabuni hupikwa uani, kisha usiku wa Bonane, yaani Mwaka Mpya, chupa hufunguliwa na watoto hulipua fataki. Sisi tulio Brussels, Johannesburg au Montréal huchangia fedha za kazi hizo. Tunapiga simu kuuliza kama pesa zimefika na kama mbuzi amepatikana. Mwaka huu tuulize na jambo jingine: mmejiandaaje kulinda macho?

Kwa jeraha kubwa la jicho, ndugu zetu wengi hufikiria safari ya Lubumbashi, kilomita 120 hivi. Lakini kwa majeraha kadhaa ya msimu huu, jicho hupona au hupotea kabla hata gari halijatafutwa. Yule mama, shangazi au kaka mkubwa aliye karibu na ndoo ya maji ndiye tabibu wa kwanza.

Chokaa haiogopwi inavyostahili

Likasi ni mji wa shaba, na watu wake wanajua asidi inavyounguza. Lakini chokaa imezoeleka mno hata haiogopwi: mawe yake huchimbwa na kuchomwa Kakontwe, nje kidogo ya mji. Hatari huanza wakati wa kuizima. Chokaa mbichi ikikutana na maji huchemka yenyewe bila moto, hutoa mvuke na kurusha matone, huku watoto wamezunguka pipa wakitazama. Baadaye mpakaji huinua uso kupaka dari, na tone humwangukia jichoni.

Asidi ikigusa jicho, mara nyingi hugandisha utando wa juu, na utando ule huizuia kidogo isiingie ndani. Chokaa, pamoja na soda ya kutengenezea sabuni, huyeyusha mafuta yaliyo katika nyama ya jicho na kuyageuza sabuni, ikizidi kupenya. Chembe zake pia hujificha chini ya kope la juu na kuendelea kuunguza hata mtu anapodhani amekwisha kunawa.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua mfuko wa chokaa, jazeni bidoni ya lita 20 maji safi na muiweke karibu, maana bomba linaweza kukatika wakati wowote. Tieni chokaa ndani ya maji kidogo kidogo; msimwage maji juu ya chokaa. Anayekoroga avae miwani ya kinga, na watoto wawe mbali.

Ikimwingia mtu, msisubiri. Mlazeni, mfungueni kope kwa vidole, mmiminieni maji polepole papo hapo kwa dakika 30, naye akizungusha jicho, huku mkipangusa chembe kwa ncha ya kitambaa safi. Msitie ndimu wala siki ili "kuua" chokaa. Yakiisha maji hayo ndipo safari ya hospitali ianze. Huduma hiyohiyo inafaa kwa soda na kwa asidi ya batri. Umeme ukikatika na muziki ukihamia kwenye batri, mtu asiwashe kiberiti kuchungulia maji yake: gesi inayotoka humo hulipuka.

Chupa, fataki na moto wa fundi

Ndani ya chupa ya shampeni mna msukumo unaokaribia mara tatu ya ule wa tairi la gari. Kizibo chake kinaweza kuruka kwa kilomita 80 kwa saa, na jicho haliwahi kufumba. Ipozeni vizuri, msiitikise, funikeni kizibo kwa taulo na kuinamisha chupa upande usio na mtu.

Fataki zishikwe na watu wazima tu. Isiyolipuka isirudiwe wala kuinamiwa. Imwagieni maji kwa mbali. Anayesimama pembeni akitazama huumia pia. Na fundi akichomelea geti, watoto wasikodolee ule mwanga: maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku, macho yakiwasha kama yaliyojaa mchanga.

Jicho likipigwa au likitobolewa

Hapa maji hayatumiki. Msisugue, msibonyeze, msichomoe kilichonasa. Kateni kitako cha kikombe cha plastiki, kiwekeni juu ya jicho kikiegemea mifupa inayolizunguka bila kuligusa, kibandikeni kwa utepe, kisha muondoke mara moja. Maziwa ya mama, mkojo, majani yaliyopondwa na matone ya sokoni yasiyoandikwa na daktari huongeza maambukizi au kuficha hatari.

Mtu asiseme kwamba jicho la pili lipo. Mwaka 1812, huko Coupvray, Ufaransa, Louis Braille wa miaka 3 alijichoma jicho moja kwa chombo cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake. Ugonjwa ukahamia la pili, na kufikia miaka 5 alikuwa kipofu kabisa.

Sehemu yetu sisi tulio mbali

Katika vifurushi vyetu, bunduki za watoto zinazorusha risasi za plastiki zibaki dukani. Mahali pake tutie miwani ya kinga inayofunika hadi pembeni, ya mpakaji na ya mpika sabuni. Maelekezo ya maji ya dakika 30 na ya kikombe tuyatume kwa ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili cha nyumbani, ili hata koko, bibi au babu, asiyesoma ayashike.

Na tunapotuma fedha za sikukuu, tutenge nauli ya Lubumbashi tangu mwanzo na kumkabidhi mtu mmoja anayeaminika. Isipohitajika, Januari inunue madaftari ya watoto.