Saa ya kukimbilia: muulize mteja anakimbiaje kabla hujataja bei

Mteja akikuandikia inboksi "ile saa ya kukimbilia bei gani?", usiwahi kujibu bei. Muulize kwanza anakimbia umbali gani na simu yake ni ya aina gani.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Nipo Kasulu, nikamtumia mteja wa Kibondo saa kwa basi. Kwenye tangazo niliandika "ina GPS" maana ndivyo boksi lilivyosema. Kumbe inategemea GPS ya simu, na jamaa akienda kukimbia simu anaacha nyumbani. Mzigo ukarudi, nauli ya kwenda na kurudi ikawa juu yangu.

Sasa hivi napima mwenyewe kabla ya kuposti. Naacha simu ndani, nawasha zoezi la kukimbia nje, natembea mpaka sokoni na kurudi, halafu naiunganisha na simu. Ikitoka ramani ya njia niliyopita, GPS ipo. Zikitoka kilomita bila ramani, imehesabu hatua tu.

Anayeanza, yule wa dakika 20 asubuhi na wenzake wa jogingi, anahitaji kujua muda basi. Casio F-91W inamtosha. Kama anatumia kitochi ndiyo kabisa, kwa sababu saa janja nyingi huwezi hata kuziseti bila simu janja. Ila mwambie ukweli: ile ya kuhesabia muda inaishia dakika 59 na sekunde 59, halafu inaanza sifuri. Anayejiandaa na kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi haimfai. Na feki ni nyingi! Bonyeza kitufe cha kulia sekunde tatu, isipoandika CASIo hiyo ni feki. (Ikiandika usishangilie sana, kuna feki nazo zimeshajua kuandika.)

Huyo wa kilomita 21 ndiye wa GPS ya ndani. Hapo angalia masaa, achana na siku. Garmin Forerunner 55 inatajwa kukaa na chaji wiki mbili, lakini GPS ikiwaka ni masaa 20. Na kwa milima yetu hii kasi inapanda na kushuka, kwa hiyo mapigo ya moyo yatamsaidia zaidi. Aivae imebana, juu kidogo ya kifundo cha mkono. Ikilegea inasoma uongo, na lawama zitakuja kwako.

Yule jamaa wa Kibondo nilimuuzia nyingine baadaye. Safari hii picha ya ramani ilitangulia, ndipo saa ikapanda basi.