Panya, Maziwa ya Chokoleti na Nguvu ya Mazoea

Kila Januari swali hili hurudi, na safari hii limeletwa na msomaji anayetaka kuacha kutia vijiko vitatu vya sukari kwenye chai: je, ni kweli siku 21 zinatosha kujenga au kuvunja mazoea? Hesabu hiyo chanzo chake ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa urembo wa Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1960, Psycho-Cybernetics, aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura yao mpya. Watu wakaishika 21, "angalau" wakaiacha. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walipowafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijizoesha jambo dogo kama kula tunda wakati wa chakula cha mchana, muda wa kati ulikuwa siku 66. Makadirio ya mtu mmoja mmoja yalianzia siku 18 hadi 254.

Hayo ni ya kalenda. Yaliyomo ndani ya fuvu yana utamu wake, na neno lenyewe, tukianza na la Kiingereza, linafungua mlango.

Neno la Kiingereza habit lilipoingia katika lugha hiyo karne ya 13, likitokea Kifaransa cha kale, lilimaanisha vazi, hasa vazi la watawa. Maana hiyo ingali hai: vazi la sista wa Kikatoliki huitwa habit hadi leo, na Mfaransa akitaja habits anazungumzia nguo. Mzizi ni Kilatini, habitus, kutoka kitenzi habere, yaani kuwa na kitu au kukishika. Habitus ilikuwa hali ya mtu kwa jumla: umbo lake, anavyojibeba, anavyovaa. Wafasiri wa mwanafalsafa Aristotle waliitumia kwa neno lake hexis, ambalo nalo limetokana na kitenzi cha Kigiriki cha kuwa na kitu. Kwake hexis ilikuwa hali iliyojengeka ndani ya mtu kwa kurudiarudia matendo. Taratibu neno likahama kutoka mwilini kwenda rohoni, na kufikia karne ya 16 Waingereza walikuwa wakilitumia kwa mwenendo unaojirudia. Wataalamu wa mimea bado hulitumia kwa umbo la jumla la mmea, na wataalamu wa madini kwa umbo la fuwele.

Kwa Kiswahili nafasi hiyo inagombewa na maneno manne. Desturi, lenye asili ya Kiajemi, ni la jamii nzima. Kawaida, la Kiarabu, lilianza kama kanuni. Tabia, la Kiarabu pia, linaelekea kwenye maumbile, ndiyo maana tuna tabianchi. Sayansi inataka neno la kitu ambacho mtu hakuzaliwa nacho, kikamwingia kwa kurudiwa, na neno hilo ni mazoea. Kitenzi chake, zoea, ndicho kilichozaa zoeza na mazoezi, kwa hiyo zoezi na matokeo yake vimo katika ukoo mmoja. Anayeonya "usiniletee mazoea" ana maana nyingine, lakini hata yeye anakataa jambo ambalo likirudiwa litakosa kizuizi.

Sasa twende kwenye ubongo. Chini ya gamba lake lenye makunyanzi kuna kundi la seli liitwalo kwa Kilatini striatum, yaani lenye milia, kwa sababu ya vifungu vyeupe vya nyuzi za neva vinavyolipitia. Hapa tuliite kiini-milia. Mwaka 1999 timu ya Ann Graybiel wa Massachusetts Institute of Technology ilichapisha matokeo ya kusikiliza seli hizo kwa nyaya nyembamba zilizopandikizwa kwenye panya. Panya aliachiwa akimbie kwenye kijia chenye umbo la herufi T. Lango likifunguka anakimbia, njiani anasikia mlio unaomwelekeza apinde kulia au kushoto, na mwishoni anapata zawadi. Siku za mwanzo seli nyingi zilichangamka njiani, hasa kwenye kona. Panya alipokwisha kuzoea, msisimko ulihamia pande mbili, wakati wa kuanza na wakati wa kufika. Katikati palitulia.

Fikiria daladala iliyohamishiwa njia mpya. Wiki ya kwanza konda hanyamazi: pinda hapa, kaa kushoto, kuna shimo, kituo kiko baada ya mwembe. Baada ya miezi hupiga bodi mara mbili kuondoka, na hasikiki tena mpaka "shusha" ya mwisho. Dereva ameibeba njia nzima kama kifurushi kimoja, na konda amepata nafasi ya kukusanya nauli na kupanga chenji. Ubongo nao hupata nafasi hiyo hiyo, ndiyo maana mtu huweza kufunga kamba za viatu huku akibishana kuhusu mpira. Lakini siku barabara ikifungwa kwa ujenzi, dereva atakata kona ile ile ya zamani kabla konda hajafumbua mdomo.

Maziwa ya chokoleti yanaingia hapo. Mwaka 2012 Graybiel, Kyle Smith na wenzao waliwazoesha panya milio miwili, mmoja wa kwendea maziwa ya chokoleti, mwingine wa maji ya sukari. Kisha wakawachoma sindano ya kloridi ya lithiamu baada ya kunywa maziwa, nao panya wakaugua kichefuchefu na kuyachukia. Hata hivyo, ndani ya kijia, mlio wa maziwa ulipolia, walikimbilia upande ule ule. Watafiti walikuwa wamezifanya seli za sehemu ndogo ya gamba la mbele ziweze kuzimwa kwa mwanga. Walipozizima, mazoea yalikatika papo hapo na panya wakageukia maji ya sukari, mpaka hilo nalo likawa mazoea mapya. Walipozizima tena, yale mapya yalitoweka, na yale ya zamani yakarudi mazima.

Kifurushi cha kwanza, basi, kilikuwa kimewekwa kando tu. Vijiko vitatu vya sukari ni hivyo hivyo, na penye udhaifu ni pale utendaji wa kawaida unapovurugwa. Watafiti David Neal na Wendy Wood waliwapa watu bisi kwenye ukumbi wa sinema, nyingine mpya, nyingine za wiki nzima. Waliozoea kula bisi wakitazama filamu walikula zile kuukuu sawa na zile mpya. Walipoambiwa watumie mkono wasiouzoea, walipunguza kula zile kuukuu.

Katika ugonjwa wa Parkinson hutokea kinyume chake: mazoea yenyewe hupotea. Seli zinazopeleka dopamini kwenye kiini-milia hufa, na kutembea, jambo ambalo mtu hajalifikiria tangu utotoni, hugeuka kazi ya kupanga hatua kwa hatua. Wengine hufika mlangoni miguu ikagoma. Wataalamu wa fiziotherapia hubandika vipande vya utepe sakafuni, mgonjwa akalenga kuvuka kimoja kimoja, na mara nyingi miguu hukubali, kwa kuwa sasa anaongoza kila hatua kwa macho na kwa nia.