Vitabu vya Picha na Somo la Urafiki: Mwalimu wa Kiswahili Aangalie Nini?

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi vitabu vya picha vinavyoweza kumsaidia mwalimu wa Kiswahili kufundisha urafiki na kutomtenga mwenzio. Tunawalenga hasa wanafunzi wetu wanaojiandaa kufundisha katika shule za msingi, pamoja na walimu ambao tayari wako darasani Bujumbura na mikoani.

Kiswahili na Kiingereza viliingizwa katika shule za msingi za Burundi katikati ya miaka ya 2000, na tarehe 1 Julai 2007 nchi yetu ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tangu hapo tumezungumza sana juu ya sarufi, mitaala na vitabu vya kiada. Vitabu vya hadithi kwa watoto wadogo tumevizungumzia kidogo mno, ilhali ndivyo vinavyomfanya mtoto aipende lugha.

Kitabu cha picha ni nini?

Si kila kitabu chenye picha ni kitabu cha picha. Katika kitabu cha kiada, picha hurudia kile ambacho maneno yamekwisha sema. Katika kitabu cha picha, maneno na michoro hugawana kazi, na ukiondoa kimoja hadithi inavunjika.

Mfano mzuri ni Handa's Surprise, kitabu cha Eileen Browne kilichotoka mwaka 1994, ambacho mandhari yake ni kwa Waluo wa Kenya. Handa anambebea rafiki yake Akeyo matunda saba ya aina mbalimbali. Njiani anajiuliza ni tunda lipi Akeyo atalipenda zaidi. Maneno hayasemi zaidi ya hapo. Lakini picha zinaonyesha nyani, mbuni, pundamilia na wanyama wengine wakimpunguzia kapu moja baada ya jingine, yeye asijue. Mwishoni mbuzi aliyekata kamba anaugonga mti, na kapu linajaa machenza, tunda ambalo Akeyo analipenda mno.

Hapa mtoto asiyejua kusoma anaona jambo ambalo msimulizi hakulitaja. Kwa mwanafunzi wetu ambaye Kiswahili ni lugha yake ya tatu au ya nne, hilo ni jambo kubwa, kwa sababu anaanza akiwa anajua, ndipo anatafuta maneno ya kusema anachokijua. Aidha, kitabu hakihubiri urafiki popote. Kinamwonyesha mtu anayefikiri njia nzima juu ya kitakachomfurahisha mwenzake.

Nani hayumo kitabuni?

Mwaka 1990 mtaalamu wa Marekani Rudine Sims Bishop aliandika kwamba kitabu cha mtoto kinaweza kuwa kioo, ambamo mtoto anajiona mwenyewe, au dirisha, ambalo kwalo anawaona wengine. Mtoto asiyepata kioo anajifunza kwamba yeye hahesabiwi. Naye aliyezungukwa na vioo vitupu anajifunza kwamba dunia ni yake peke yake.

Tukilitazama darasa la Bujumbura kwa macho hayo, tunawaona watoto wengi wasio na kioo. Wapo watoto wa familia zilizokimbia mwaka 1972 na kuishi Ulyankulu, Katumba au Mishamo, ambao waliporudi walikuwa wamesoma kwa Kiswahili katika mtaala wa Tanzania, kisha wakakutana na Kifaransa. Wapo waliozaliwa katika kambi za Nyarugusu na Nduta. Wapo Wakongo, na idadi yao iliongezeka mwezi Februari 2025, makumi ya maelfu ya watu walipoukimbia vita vya Kivu na kuvuka kuingia Cibitoke. Wapo watoto wa Kitwa, ambao jamii yao inatajwa kwa jina katika Katiba ikihakikishiwa viti katika Bunge na Seneti, lakini mtoto wao ni nadra kuwa mhusika mkuu wa hadithi. Wapo watoto wenye ualbino. Tusisahau kwamba mwaka 2008 mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyokuwa yakitokea Tanzania, yalifika mashariki mwa nchi yetu, hasa Ruyigi, na mwaka 2009 mahakama ya huko iliwatia hatiani washtakiwa kadhaa.

Lugha yetu yenyewe ina historia ya kutengwa. Kila Mrundi anajua kwamba neno "umuswahili" katika Kirundi limebeba maana ya mtu mjanja, asiyeaminika. Kwa muda mrefu Kiswahili kilionekana kuwa lugha ya Buyenzi na ya sokoni. Kwa hiyo kitabu cha Kiswahili chenye mhusika mwema anayeishi karibu na msomaji kinafanya kazi mbili kwa mara moja.

Mtego wa mgeni anayefunga goli

Hata hivyo, si kila hadithi ya kumpokea mwenzio inafundisha kumpokea. Tuchukue hadithi ya Andiswa iliyoandikwa na Eden Daniels, ambayo inapatikana bure katika mkusanyo wa African Storybook. Andiswa anatamani kucheza mpira na wavulana, lakini kocha anakataa. Siku ya mechi mchezaji bora anaugua, Andiswa anaingia, anafunga goli, na tangu siku hiyo wasichana wanaruhusiwa kucheza.

Ni hadithi nzuri, na watoto wanaipenda. Lakini mwalimu makini atauliza: je, kama Andiswa angekosa goli? Mtoto anaweza kuelewa kwamba aliyetengwa hupokelewa akiwa na faida. Yule asiye na kipaji, aliye mzito wa kusema au asiyekimbia, atapokelewa na nani?

Tulinganishe na Elmer, tembo wa mabakamabaka aliyebuniwa na David McKee mwaka 1968. Elmer anachoka kuwa tofauti, anajipaka rangi ya matunda ili afanane na wenzake. Mvua inaiosha rangi hiyo. Mwishoni ni tembo wengine wanaokubali kujipamba mara moja kwa mwaka ili wafanane naye. Kwa Andiswa, aliyetengwa ndiye aliyetakiwa kujithibitisha. Kwa Elmer, kundi ndilo linalosogea.

Kwa mantiki hiyo, tunapendekeza maswali matatu kabla ya kuchagua kitabu. Nani anabadilika mwishoni, aliyetengwa au kundi? Je, aliyetengwa anasema na kutenda, au anaonewa huruma tu? Je, picha zinamweka katikati ya wenzake au pembeni mwa ukurasa?

Sarufi ya urafiki

Vitabu hivi ni hazina kwa mwalimu wa lugha. Wanafunzi wetu husema "rafiki wangu" kwa kufuata Kirundi, "umugenzi wanje". Katika Kiswahili tunasema "rafiki yangu", kama "ndugu yangu" na "jirani yangu", ingawa kitenzi hubaki katika ngeli ya watu: rafiki yangu amekuja. Hadithi ya marafiki wawili hurudia muundo huu mara nyingi bila kumchosha mtoto.

Kauli ya kutendana nayo haihitaji maelezo marefu, kwa kuwa Kirundi kinayo: "gukundana" ni "kupendana". Kutoka hapo tunafika "kusalimiana", "kusaidiana", na pia "kugombana" na "kusameheana". Kuna pia njia ya kualika: "njoo tucheze", "tumwite", "kaa nasi". Mtoto aliyejifunza kusema "njoo ucheze nasi" amejifunza sarufi, na pia amepata sentensi ya kutumia wakati wa mapumziko.

Tuangalie vilevile majina tunayowaita watu. "Zeruzeru" ni neno linaloumiza, nasi tuseme "mtu mwenye ualbino". Tuseme "mtu mwenye ulemavu", tukimtanguliza mtu mbele ya hali yake. Ikiwa kitabu cha zamani kina neno baya, mwalimu asilipite kimya. Alisome, kisha awaulize watoto ni jina gani wao wenyewe wangependa kuitwa.

Nakala moja, wanafunzi wengi

Wengi watasema: vitabu viko wapi? Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, umesaidia kutolewa kwa hadithi nyingi za Kiswahili. Hadithi za African Storybook zinaweza kuchapwa na kutafsiriwa bila malipo, mradi majina ya mwandishi na mchoraji yatajwe.

Penye nakala moja, mwalimu asimame kitabu kikiwaelekea watoto na aonyeshe picha zote kwanza bila kusoma. Aulize: mnaona nini? Kisha: kwa nini amekaa peke yake? Hapo ndipo asome. Baadaye watoto waigize, na kila mmoja apate zamu ya kuwa yule aliyeachwa na zamu ya kuwa mmoja wa kundi.

Onyo moja ni la lazima. Kama mhusika ni mkimbizi, mwalimu asimgeukie mtoto mkimbizi aliyemo darasani na kusema, "kama huyu". Kwa neno hilo moja atakuwa amemtenga mtoto huyo mbele ya wenzake wote, huku kitabu cha urafiki kikiwa mkononi mwake. Mtoto akitaka kusema habari zake, atazisema mwenyewe.

Tunahitimisha kwa kuwahimiza wanafunzi wa idara yetu kuandika. Burundi inazijua nguvu za hadithi: tangu mwaka 1997 mchezo wa redio Umubanyi Niwe Muryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, uliwafanya majirani waliogawanywa na vita wasikilize kisa kimoja. Kwa watoto wa leo tunahitaji kurasa kumi na mbili, mchoraji mmoja, na Kiswahili sanifu chepesi. Mhusika awe mtoto wa Buyenzi, wa Rumonge au aliyerudi kutoka Nduta, naye apokelewe na wenzake hata kama hakufunga goli lolote.