Tanga likishaanuliwa, mfiwa abaki na nani?

KUONDOKEWA na mwenza ni mtihani usioishia moyoni. Hushuka hadi mwilini. Mwaka 1969 jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha utafiti uliofuatilia wagane 4,486 wenye umri wa miaka 55 na kuendelea. Katika miezi sita ya mwanzo walifariki 213, idadi iliyozidi kwa asilimia 40 ile iliyotarajiwa kwa wanaume wa rika lao wenye wake. Ongezeko kubwa lilitokana na maradhi ya moyo.

Ajali ya kila mja imeandikwa, lakini tumeamrishwa kushika sababu. Huzuni kali hukata usingizi, hupandisha shinikizo la damu na hudhoofisha kinga ya mwili. Tena aliyekuwa akikumbushwa dawa zake na mwenza sasa hana wa kumkumbusha, na aliyezoea kula pamoja hulala na chai kavu.

Dini yetu haikuidharau huzuni. Mwaka aliofariki Bibi Khadija (r.a.) umejulikana katika sira kuwa Mwaka wa Huzuni. Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim, basi machozi si upungufu wa imani, kilichokatazwa ni kuomboleza kwa mayowe na kujipiga. Ilipofika habari ya kifo cha Jaafar (r.a.), Mtume aliagiza watu wa nyumba yake wapikiwe chakula. Naye Bibi Aisha (r.a.) akiwaandalia wafiwa talbina, uji wa shayiri.

Sisi hujaa msibani siku tatu, kisha kila mtu hushika njia yake. Mjane huwa na eda ya miezi minne na siku kumi, kwa hiyo jamaa humkumbuka. Mgane hana eda. Siku ya nne tukimwona kwenye safu, tunadhani amepoa.

Yafaa ifahamike pia kwamba eda haimzuii mjane mgonjwa kwenda kutibiwa. Wanazuoni wameruhusu kutoka kwa haja na dharura. Asikose kliniki ya kisukari wala ya shinikizo la damu, na maumivu ya kifua yasisubiriwe hadi eda iishe.

Ndugu Waislamu, miezi sita ya mwanzo tuigawane: huyu apeleke futari ya Alhamisi, yule aulize dawa, mwingine amsindikize hospitali. Nafasi yake ikiwa tupu alfajiri, tubishe hodi kabla jua halijapanda.

Allah awarehemu waliotangulia, na awape wafiwa subira na afya. Amin.