Umelipa ama Utalipa? Hii Futur Proche ya Kifaransa Usiichukulie Poa

Hebu sema hizi sentensi mbili kwa sauti, mbio mbio vile msee wa Paris angezisema:

J'ai payé.
Je vais payer.

Ya kwanza ni "nimelipa". Ya pili ni "nitalipa". Sasa cheki mwisho. Payé na payer zinatamkwa sawa kabisa, "peye". Hiyo r ya mwisho ni ya karatasi tu, mdomo hauiguzi. Kwa hivyo tofauti yote iko huko mbele: "zhe peye" ama "zh-ve peye". Ni hiyo v tu ndiyo inatenganisha msee amelipa na msee bado anadaiwa.

Ukiimeza hiyo v, umeshamwambia mwenye duka doo yake imeingia. Yeye anaangalia simu, haoni kitu. Anakuangalia wewe. Hapo ngori imeanza, na hata hukuwa na nia ya kudanganya mtu.

Hiyo "je vais" ndiyo mlango wa kitu inaitwa futur proche, yaani wakati ujao wa karibu. Ukiishika, unaweza kubonga kuhusu kesho, wiki ijayo na mwaka ujao bila kukariri majedwali ya vitenzi. Na si ya kujishaua tu. Wasee wengi hapa wanasoma Kifaransa wakitafuta kazi ya hoteli, ya kutembeza watalii ama ya ofisi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, na lugha rasmi ya huko ni Kifaransa. Rwanda na Burundi pia wanakitumia rasmi. Na msee wa Goma ama Bukavu mtapiga story kwa Kiswahili fiti sana, lakini mkataba ukiletwa mezani, kuna uwezekano mkubwa umeandikwa kwa Kifaransa.

Sasa twende kazi.

Hesabu yake ni fupi

Unachukua kitenzi aller, yaani "kwenda", kwa wakati uliopo. Halafu unaweka kitenzi cha pili kikiwa mbichi, vile kinakaa kwa kamusi. Basi, imeisha.

- Je vais manger: nitakula
- Tu vas manger: utakula
- Il va manger / Elle va manger: atakula
- On va manger: tutakula (hii ya mtaa)
- Nous allons manger: tutakula (hii ya heshima kidogo)
- Vous allez manger: mtakula, ama utakula ukiongea na mkubwa
- Ils vont manger / Elles vont manger: watakula

Kinachobadilika ni aller peke yake. Manger haiguswi. Ukitaka kulala, toa manger, weka dormir. Kutoka, sortir. Kusoma, lire. Kufanya, faire. Ukijua vitenzi 50, sasa hivi umeshapata sentensi 50 za kesho.

Kwa matamshi, vais ni "ve", vas na va zote ni "va", vont ni "von" lakini hiyo n inapitia puani. Nous allons inaunganishwa, "nuzalon". Vous allez ni "vuzale".

Na usidharau on. Ukiwa na mbogi yako, hakuna mtu anasema "nous allons sortir" kama si mwalimu. Watu wanasema "on va sortir". Halafu va ni rahisi kushika kuliko allons, kwa hivyo umefaidi mara mbili.

Kwani Wafaransa wanaenda wapi kila saa?

Swali poa. Kwa nini useme "naenda kula" na umekaa tu kwa kiti?

Lakini hata sisi tunafanya hivyo. Ukiambia mabeste "naenda kulala", saa zingine umeshajifunika blanketi, huendi popote. Neno la safari limegeuka kuwa neno la wakati.

Kiswahili chenyewe kilipita njia ingine. Hiyo -ta- ya "nitakula" ilitoka kwa neno kutaka. Huamini? Cheki "mtu atakayekuja". Hiyo taka iko hapo katikati, wazi kabisa. Sisi tulijenga kesho na kutaka, Wafaransa wakajenga na kwenda.

Wako na ingine pia, futur simple: je mangerai, tu mangeras. Hiyo ilijengwa na avoir, kuwa na kitu. Angalia mwisho wa mangerai, hiyo ai ni ile ile ya j'ai. Ikakaa miaka mingi mpaka ikashikana na kitenzi. Shida yake ni kwamba vitenzi kadhaa vinabadilika sura kabisa. Aller inakuwa j'irai, être inakuwa je serai, avoir inakuwa j'aurai. Ndiyo maana anayeanza hufundishwa futur proche kwanza.

Proche si lazima iwe kesho

Hapa ndipo wengi wanapotea. Jina linasema "karibu", unadhani ni ya dakika tano zijazo tu. Zi. Unaweza sema "dans dix ans, je vais avoir ma maison", miaka kumi ijayo nitakuwa na keja yangu, na ni sawa kabisa.

Kinachoangaliwa zaidi ni kama hiyo kitu imeshaanza kusonga. Iko kwa mipango? Dalili zinaonekana? Basi futur proche. Mawingu meusi yamejaa juu ya Ngong na watu wameanza kuanua nguo: il va pleuvoir.

Mfano ambao wapenzi wa udaku watashika haraka ni huu:

Elle va avoir un bébé.
Elle aura un bébé un jour.

Ya kwanza inamaanisha ako na ball. Imeshatunga, watu wanahesabu miezi. Ya pili ni siku moja tu, Mungu akipenda, labda hata hajapata mtu. Ukiwa unaandika habari ya celeb na uchanganye hizo mbili, umezalisha mtu ambaye hana habari.

Kwa ndoa ni vile vile. "Je vais me marier" inasikika kama wazazi wameshaongea na tarehe inatafutwa. "Je me marierai un jour" ni ya kumtuliza shosho akikuuliza.

Na kwa deni? Je vais te rembourser inaonyesha hiyo kitu iko njiani, nairudisha. Je te rembourserai ni ahadi, nayo inaweza kuwa ya nguvu ama ya kufukuza mtu kwa mlango, kulingana na vile umeisema na historia yako na doo za watu.

Mahali watu hukanyaga vibaya

Kwanza, kuweka à katikati. "Je vais à manger" haipo. À ni ya mahali: je vais à Mombasa. Kwa kitenzi, unaunganisha moja kwa moja: je vais manger. Na ukitaka kusema utaenda Mombasa baadaye, unasema je vais aller à Mombasa. Ndiyo, aller mara mbili. Haina noma.

Pili, kubadilisha kitenzi cha pili. "Je vais mange" hapana. "Nous allons mangeons" hapana kabisa. Kazi ya kubadilika ashapewa aller.

Tatu, kukataa. Ne na pas zinazunguka aller, si kitenzi cha pili: je ne vais pas sortir. Mtaani watu wanatupa hiyo ne na kusema "je vais pas sortir". Ukiwa kwa mtihani, irudishe.

Nne, vile vineno vidogo vya "ni-", "ku-", "m-". Kwa Kifaransa vinakaa kati ya aller na kitenzi: je vais t'appeler, nitakupigia. Ils vont m'appeler, watanipigia. Je vais le faire, nitaifanya.

Tano, vitenzi vya kujifanyia mwenyewe. Se coucher, kwenda kulala, hubadilisha se kulingana na mwenye kulala: je vais me coucher, tu vas te coucher, on va se coucher. Usiache se kila mahali.

Ukiwa kazini

Hapa ndipo futur proche inakulipia fare. Mteja anataka kujua kitu gani kinafuata. Ukimpa kitenzi kibichi bila aller, hajui kama umefanya, unafanya ama unangoja kufanya.

Kwa hoteli: Je vais vous apporter la carte. Nitawaletea menyu.

Kwa ndai ya safari: Nous allons partir à six heures. Tutaondoka saa kumi na mbili. Kaa rada hapo: six heures ni saa yao, ukiihesabu kwa Kiswahili utawaacha watalii wamelala. Vous allez voir des éléphants. Mtaona ndovu. Lakini usiwaahidi chui, huyo anajiamulia.

Kwa pesa: Vous allez payer comment ? Utalipa aje?

Pia sikiliza ukiambiwa wewe. "Tu vas voir !" ikisemwa kwa hasira si mwaliko wa kuona kitu. Ni ile "utaona!" yetu, na unajua kinachofuata. Na mama akimwambia mtoi "tu vas manger tes légumes", hatabiri chochote, hiyo ni amri.

Ndugu zake wawili

Ukishaijua hii, kuna mbili zingine zinakuja karibu bure.

Ya kwanza ni venir de, ya kitu kimefanyika sasa hivi. Je viens de manger. Kiswahili tunasema "nimetoka kula", neno kwa neno. Usisahau de.

Ya pili ni kurudisha aller nyuma: j'allais t'appeler, nilikuwa karibu kukupigia. Hii ni sentensi ya kila msee amepigiwa simu na mtu anamdai. Kumbuka tu, kwa kazi hii aller hukaa kwa wakati uliopo ama huu wa nyuma. "J'irai manger" ni safari ya kweli, unaenda mahali kula.

Jipime

Funika upande wa kulia na kidole, ujaribu:

- Nitakulipa kesho: Je vais te payer demain.
- Hatutatoka leo usiku: On ne va pas sortir ce soir.
- Mtalala saa ngapi? Vous allez vous coucher à quelle heure ?
- Watanipigia: Ils vont m'appeler.
- Nimetoka kulipa: Je viens de payer.

Ukipata nne, uko fiti. Ukipata mbili, rudi kwa hesabu ya juu, hakuna mtu anakukimbiza.

Halafu hiyo ya kwanza irudie kwa sauti mara kumi, ukiitoa hiyo v vizuri mpaka meno yaguse mdomo wa chini. Zh-ve. Zh-ve. Siku utasimama mbele ya kaunta na mfuko hauna kitu, hiyo v ndiyo itamwambia mwenye duka ukweli: bado hujalipa, lakini utalipa.